Arobaini ya Shangazi Aliye Hai

Mpendwa Etiye Shitaye,

Naomba unisaidie, na jina langu tafadhali usilitoe, kwa sababu mtaa wetu wote hapa Azezo, Gondar, husoma ukurasa wako wa ushauri gazetini, na mimi ndiye niliyewaliza watu kwa kifo ambacho hakikutokea.

Nina miaka thelathini na tisa, nina watoto wawili, mume wangu ni dereva wa lori la ufuta na Metema, kule mpakani, inamjua kuliko kitanda chetu, na kazi yangu ni kutengeneza berbere, unga wa pilipili na viungo, na bila kujisifu, hakuna mchuzi wa kuku wa sikukuu mtaani kwetu ambao pilipili yake haikupita mikononi mwangu. Mapema mwaka huu nilikuta uvimbe kwenye titi, wakaupima, ikawa saratani, wakaukata, nami nikawaambia majirani kwamba nilikuwa Metema kumsalimia mume wangu, na huo ndio uongo wa kwanza, mwingine wote ulizaliwa humo. Daktari akasema nitatundikiwa dripu za kemo mara sita, kila baada ya siku ishirini na moja, na nisiruke hata moja, nikakubali, nikarudi nyumbani, nikanyamaza.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Ni kwa sababu nilimwona Mulu, muuza vitunguu, ambaye miaka miwili iliyopita alipatwa na ugonjwa huu huu akausema wazi, basi wanawake wa mtaa wakamlilia angali hai, wakawa wanakwenda kumtazama huku wameshika tama, wakampokonya birika la kahawa wakisema pumzika dada, wakaacha kumwita kwenye kazi za sikukuu, wakaacha hata kumtania, na Mulu aliniambia kwa kinywa chake kwamba ugonjwa haukumuuma kama kule kuacha kutaniwa. Mimi nikaapa kwamba sitaliliwa nikiwa napumua.

Basi nikawa naishi maisha mawili. Kila nilichoonja kilikuwa na ladha ya sarafu, hata asali, kwa hiyo berbere nikawa naichanganya kwa macho na kwa kumbukumbu. Harufu ya kahawa ikikaangwa, ile niliyokuwa naipenda tangu utoto, ikawa inanichafua roho, na kwa jirani yangu Etagegn tunakunywa kahawa kila siku, vikombe vitatu, huwezi kuondoka kabla ya kile cha tatu cha baraka, nami nikawa nakimbilia nyuma ya ua kutapika, na Etagegn akapiga makofi mbele ya watu wote, "Wee! Lori la Metema limeleta mzigo!" Wakacheka, nami nikacheka, afadhali wadhani nina mimba. Nywele zilipoanza kubaki kwenye chanuo nilijinyoa mwenyewe kwa wembe wa mume wangu, nikafunga kitambaa, nikaendelea.

Siku mbili baada ya dripu ya pili nilipeleka pilipili mashineni kusaga. Vumbi lilinipanda puani, nikapiga chafya tatu mfululizo, na ile ya tatu ikaondoka na kitambaa. Etiye, wewe ni mtu wa huku, unajua mwanamke aliyenyoa kichwa maana yake ni nini. Msagaji alizima mashine. Wanawake wakaweka vikapu chini. "Wai! Kanyoa! Nani kafa?" Etagegn akanikumbatia huku analia tayari, kabla hajajua analia nani, "Mbona hukuniambia? Mimi ni nani kwako? Msiba unakaa nao peke yako kama mchawi?" Wote wananitazama, na badala ya kusema kweli mdomo wangu ukasema, "Ni shangazi Tewabech."

Shangazi Tewabech ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Anaishi milimani Sekota, ana mbuzi kumi na wawili, na ana afya kuliko mimi na wewe.

Kesho yake alfajiri mpiga tarumbeta wa idiri, chama chetu cha kuzikana, alipita kila kichochoro akitangaza msiba wangu. Wakasimamisha turubai mbele ya nyumba, wakaleta mabenchi na masufuria, na Gashe Mola, mwenyekiti, akakaa mlangoni kupokea watu. Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Zile zilikuwa ndizo siku mbaya kuliko zote baada ya dripu, siku ambazo mara ya kwanza nilitambaa kwa magoti kwenda msalani na watoto wakala mkate wa injera mkavu. Safari hii Etagegn aliwaosha watoto wangu, mwingine akafua, mwingine akafagia, wakaniwekea mto mgongoni, wakanilisha ngano na dengu za kuchemsha za msibani, zisizo na pilipili, na ndicho chakula pekee kilichokaa tumboni. Nikilia walinifuta machozi. Nikisinzia walinyamaza. Nililala usingizi kama mtoto, Etiye, juu ya kifo cha mtu aliye hai.

Nilidhani baada ya siku tatu yatakwisha. Hayakwisha. Idiri wameamua kuniandalia arobaini ya heshima, shayiri ya pombe imeshalowekwa, padri ameshaambiwa, na nimehesabu kwa vidole mara tano, siku ya arobaini ndiyo siku ya dripu yangu ya nne. Mwenye msiba hawezi kukosa arobaini. Nimekwenda kwa muuguzi wetu, Sista Hirut, nikamwomba anisogezee dripu wiki mbili, akanikodolea macho, "Dawa haijui arobaini ya mtu," akanigeuzia mgongo. Nami nimeazimia nisiende siku hiyo, dripu moja tu, nitaendelea na nyingine baadaye.

Na kama hayo hayatoshi, kuna mfanyabiashara wa asali wa Sekota aliyepita kwenye turubai, akalia sana, akaenda zake kwao, na jana nimepata ujumbe kupitia kwa kondakta wa basi. Unatoka kwa shangazi. Unasema, "Mwambieni nakuja kwenye arobaini."

Nifanye nini?

Ni mimi,
Mfiwa wa Uongo

*

Mwanangu Mfiwa wa Uongo,

Nimecheka mpaka kijana wa chumba cha pili akaja kuniuliza kama nimepata habari njema. Kisha nikafika pale unaposema hutaenda kwenye dripu ya nne, kicheko kikakatika, nikaiweka chini karatasi nikanywa maji. Kwa hiyo nianze na hilo, mengine yatangoja. Utakwenda. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Daktari alikwambia usiruke hata moja, nawe unataka kuruka kwa kuogopa benchi la watu waliokuoshea watoto? Kama ni kupanga tarehe, anayepanga ni daktari kwa kutazama damu yako, si mwenyekiti wa idiri kwa kutazama pombe yake. Nilikuwa na dada. Naye alikuwa na sababu ya kukosa mara moja, harusi ya mtoto wa mjomba, na baada ya harusi kukawa na ubatizo. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, nina miaka kumi na moja sijaweza.

Sasa nikugombeze, maana umelitaka. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umewashinda wahenga! Kilio kimekuja, kimekufichua kichwa wazi mbele ya mashine ya kusaga, na bado ukapata mahali pa kujificha. Umemuua shangazi aliyekulea, mwanamke wa mbuzi kumi na wawili, kwa sababu uliona haya kutaja ugonjwa ambao hukuuiba kwa mtu. Na mashineni ulifuata nini? Siku mbili baada ya dripu, mdomo una vidonda, mwili hauna kinga, unakwenda kuvuta vumbi la pilipili! Halafu siku tatu mashavu yako yakabusiwa na mtaa mzima, kushoto, kulia, kushoto, na wenye mafua wamo. Mungu amekupenda. Ukipata homa, hata kidogo, usingoje kupambazuke wala usimwulize jirani, nenda hospitali.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Kutapika nyuma ya ua huku unajichekesha ni kazi ngumu kuliko kusaga magunia. Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Umeniandikia habari za Mulu, tama na birika, na hukuniambia kama alikufa. Angekuwa amekufa ungeanza na hilo. Kwa hiyo Mulu yu hai! Alipona, na wewe ukakumbuka machozi tu.

Tena unasema dhambi yako ni kwamba ulilala vizuri. Hiyo si dhambi, hilo ndilo jibu lako. Wale wanawake unaowaogopa walikulisha, wakakufulia, wakanyamaza ukisinzia. Walifanya kila kitu mgonjwa wa kemo anachohitaji, isipokuwa jina la mgonjwa walikosea. Shida yako si kwamba watakulilia. Shida ni kwamba hujawaambia unataka nini badala ya kilio. Mulu hakuwaambia pia, aliwaachia birika wakalichukua.

Basi fanya hivi. Jumapili hii waite kwako kina Etagegn, kahawa iwe kwako, mwombe mmoja akaange nje, mbali na pua yako. Mwite na Gashe Mola, akae hata kama kahawa ya wanawake inamchosha. Kikombe cha kwanza wape, cha pili wape. Kabla ya cha tatu vua kitambaa, taja ugonjwa kwa jina lake, sema shangazi yu hai, omba radhi mara moja tu, usirudierudie. Hakuna atakayeondoka kabla ya kikombe cha baraka, kwa hiyo watakusikiliza, wapende wasipende. Kisha waambie waziwazi: kilio sitaki, utani nautaka, na siku tatu baada ya kila dripu nataka ngano ya kuchemsha na mtu wa kuwaosha watoto. Birika la kahawa usimpe mtu. Kusaga mwachie mwingine mpaka dripu ziishe, na mwenye ulimi mzima akuonjee.

Shayiri isimwagwe. Watu wanywe kumshukuru Mungu kwamba bibi wa watu anapumua. Na shangazi yako nenda kampokee stendi wewe mwenyewe, umwambie kabla mtaa haujamwona, maana kuna wazee kwenu huko watakaozimia.

Umelilia kifo cha uongo siku tatu na nguvu ukazipata. Sasa jaribu ukweli.

Etiye Shitaye

*

Wasomaji wangu, barua hizo mbili sikuzichapa wakati ule, jibu nililituma kwa mkono; ifuatayo imenifikia miezi mitatu baadaye pamoja na kifurushi cha berbere. Kifurushi nimekula. Barua naichapa yote, kama mwenyewe alivyoomba.

Etiye wangu,

Safari hii jina litoe.

Jumapili ile nilivua kitambaa kabla ya kikombe cha tatu kama ulivyosema, kahawa ikanimwagikia mkekani, nikasema saratani, nikasema titi, nikasema shangazi hajafa. Nikasikia makaa yanalia jikoni. Kisha Etagegn akainuka, akanisogelea, nikadhani atanipiga.

"Kwa hiyo mimi nililia bure?" akasema. "Nimejikwaruza mashavu, tazama hapa, alama bado ipo! Kwa ajili ya bibi anayechunga mbuzi?"

"Nisamehe, dada."

"Sikusamehi. Na lori la Metema nalo? Nimeshafuma kofia ya mtoto!"

"Nipe mimi, nina kichwa cha mtoto."

Ndipo wakacheka, Etiye, wakacheka na kulia kwa pamoja, na mimi niliyeapa kutoliliwa nikaona si kitu, kwa maana walikuwa wananishika huku wanacheka. Kofia ile ya manjano niliivaa kesho yake na sijaivua mpaka leo nikienda sokoni.

Gashe Mola peke yake hakucheka. Alikuwa anafunua kitabu cha sheria za idiri, ukurasa kwa ukurasa, mpaka tukaanza kuogopa. Mwisho akavua miwani. "Humu hamna msiba wa mtu aliye hai," akasema. "Lakini hamna mahali panapokataza turubai kusimama kwa ajili ya mgonjwa. Miaka ishirini na sita tunawangoja watu wafe ndipo tuwapikie! Nani aliandika hivi?" Ni yeye aliyeandika.

Alfajiri iliyofuata tarumbeta likalia, watu wakatoka na shuka mabegani, na mpiga tarumbeta akatangaza kwa sauti yake ile ile ya misiba: "Tewabech wa Sekota hajafa! Abaynesh yuko vitani na saratani! Asilie mtu! Njooni na ngano!" Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilitamani apige tena.

Shangazi nilimpokea stendi siku moja kabla ya arobaini. Aliteremka basini amevaa nguo nyeusi, na shuka lilipoteleza nikaona amenyoa. Kipara kama changu. Tukatazamana vichwa.

"Ni nani amekufa, mwanangu?" akaniuliza analia. "Yule mtu wa asali aliponiona alidondosha mitungi, akanitazama kama mzuka, akasema tu wewe umenyoa kwa msiba, akakimbia! Nikajua ni mtu wetu wa karibu. Nimenyoa, nimelia siku saba. Niambie sasa, nimemlilia nani?"

"Wewe, shangazi."

Nilimweleza yote pale pale juu ya gunia la vitunguu. Alijipapasa kichwa, kisha akasema, "Basi nimejililia vizuri, maana nililia kwa moyo." Aliniuliza ugonjwa unatibiwaje, na kesho yake, siku ya arobaini yake mwenyewe, alikaa kando yangu tangu dripu ilipotundikwa mpaka tone la mwisho, vipara viwili kwenye benchi moja. Sista Hirut alipopita akauliza kwa utani nani kati yetu ni mgonjwa. "Mimi ni marehemu," shangazi akajibu, "mgonjwa ni huyu." Chumba kizima kilicheka, na kuna mama mmoja pembeni mwenye kitambaa kilichobanwa hadi kwenye nyusi, taratibu akakifungua naye.

Sikudanganyi kwamba yalikuwa rahisi. Ya tano ilinilaza hata kucha zikageuka nyeusi, na kuna mchana nilimwambia shangazi sitaki tena, aniache. Hakunibembeleza. Alisema, "Mimi nimeshanyoa kwa ajili yako, sinyoi mara mbili," akaniletea ngano. Turubai lilikuwa nje. Kila baada ya dripu lilisimama siku tatu, Etagegn akipanga zamu, akinitania jinsi ninavyotafuna polepole kama mbuzi wa Sekota, na mwenye mafua alizuiwa mlangoni na Gashe Mola mwenyewe.

Ya sita nimeimaliza. Daktari ametazama vipimo, amesema uvimbe haupo, nirudi kila baada ya miezi mitatu nitazamwe, nami nitarudi, haijalishi ni arobaini ya nani. Ulimi umeanza kurudi. Nilionja berbere wiki iliyopita nikatema, nikawauliza nani aliyekuwa anachanganya takataka hii, na Etagegn akasema ni mimi mwenyewe, ndiyo hiyo waliyokuwa wakiisifia miezi yote kwa kuniogopa. Hiyo niliyokutumia ni mpya. Nywele zinaota, zangu laini, za shangazi nyeupe tupu, anadai za kwake zimeota upesi kwa sababu yeye amefufuka.

Siku niliyotoka kwenye dripu ya mwisho mtaa haukuniambia kitu. Nililala. Alfajiri tarumbeta likalia, lile lile, nikasikia milango inafunguliwa kichochoro kizima, na vigelegele vikaanza mwisho wa mtaa vikaja mpaka kwangu. Hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Ni mimi,
Abaynesh Gebeyehu, muuza berbere, Azezo